Siku Tatu za Kuuficha Uso Wangu

Nilijua kwamba watu arobaini na mmoja wangefukuzwa kazi siku ya Ijumaa, na nilikaa nao siku tatu bila kuwaambia.

Ndiyo hivyo. Sitaki kulizungusha.

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka nilivyopanda juu ya kreti katika ukumbi wa kufuma nguo, nikawatangazia wenzangu kwamba hakuna atakayepunguzwa. Meneja alikuwa ameniambia hivyo ana kwa ana, na mimi ndiye mwakilishi wa wafanyakazi. Hawakunichagua kwa elimu. Shule niliiacha darasa la tano. Walinichagua kwa sababu ya uso. Kiwandani wananiita Barua Wazi. Nikikasirika, anajua hata mlinzi wa getini. Nikijaribu kudanganya, masikio yanawaka moto. Basi niliposema hakuna atakayepunguzwa, watu waliyatazama masikio yangu, wakaona yametulia, wakarudi kwenye mashine.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne saa sita mchana shemeji aliniita juu.

Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu, karani wa utumishi hapo kiwandani. Mama yao alipofariki, mke wangu ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni huku yeye mwenyewe bado ni mtoto wa kubebwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu ukimsema shemeji vibaya, jiandae kujipikia.

Sasa bwana huyu ana nyuso kama wengine walivyo na mashati. Akiwa na Meneja, anacheka kabla mzaha haujaisha. Akiwa na wafagiaji, analegeza tai na kulalamikia mgongo. Akishika simu, sauti inashuka kama ya mtangazaji. Niliwahi kumwona akitoka mlango mmoja na huzuni ya msibani, akavuka korido, akaingia mlango wa pili na furaha ya harusini. Korido yenyewe hatua sita.

Alinipeleka chumba cha mikutano. Kiko juu ya ngazi za chuma, na kina dirisha kubwa la kioo linalotazama ukumbi mzima wa mashine. Ukifunga mlango, kelele zinakatika kama redio iliyozimwa. Akanikalisha kiti kilichoelekea dirisha. Yeye akazama katika kiti kirefu cha mwenyekiti, mgongo kwa kioo.

"Shemeji, nikikwambia kitu utanyamaza?" akaniuliza.

"Inategemea."

"Uahidi kwanza."

"Sinunui mbuzi kwenye gunia. Sema."

Akafungua faili, akanigeuzia karatasi mbili. Majina na namba za mashine. Nikahesabu kwa kidole mpaka chini.

"Arobaini na mmoja?" nilisema. "Ijumaa hii?"

"Ijumaa saa tisa, ule mzigo mkubwa ukishatoka. Wakijua kabla, watazima mashine, mzigo utakwama, na kampuni itabidi ikae nao mezani. Ndiyo maana inafichwa."

"Meneja aliniambia hakuna atakayepunguzwa!"

"Alikwambia wewe kwa sababu angesema mwenyewe wasingemwamini. Yeye ana uso wa meneja. Akaazima wako."

Nilijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, tena na watu wanapita wanamsalimia.

Nikarudi kwenye majina. Namba kumi na saba, kidole kikagoma.

"Na Jogoo yumo?"

Jogoo ni rafiki yangu. Mwaka wa ishirini na mbili huu tunafanya kazi mashine jirani. Tunamwita hivyo kwa sababu hufika kazini mlinzi akiwa bado anapiga miayo.

"Yumo," shemeji alisema. "Wewe haumo."

"Kwa nini mimi simo?"

"Bado wanakuhitaji."

Nikasimama. "Naenda kuwaambia."

Hapo shemeji akatoa uso ambao sikuwahi kuuona. Haukuwa na kitu juu yake. Mdomo umelegea, macho ya mtoto aliyepotea.

"Orodha hii tumeiona watu watatu. Meneja, mhasibu, na mimi. Ukifungua mdomo, wa kwanza kutazamwa ni mimi, kwa sababu wewe ni mume wa dada yangu. Nikipoteza kazi hii, mimi, mke wangu na watoto watatu tunahamia sebuleni kwenu. Nimekuonyesha ili siku hiyo usije ukapigwa na watu bila kujua kwa nini. Nimefanya kwa ajili ya dada."

"Ungeniacha nisijue!"

"Ndiyo. Kosa hilo nimeshaliona."

Nikakaa. Nikamfikiria mke wangu. Nikaifikiria sebule. Nikamfikiria Jogoo. Mwishowe nikasema maneno ambayo sijamaliza kuyajutia.

"Sawa. Nitanyamaza. Sitamwambia Jogoo wala mtu mwingine."

Shemeji akapumua. Kisha akanitazama, akashtuka.

"Lakini na uso huo hutoki humu."

"Uso gani?"

"Huo! Kama mtu aliyetoka kutambua maiti. Lainisha. Tabasamu kidogo."

Nikatabasamu.

"Mungu wangu. Acha. Afadhali ule wa maiti."

"Wewe unafanyaje?" nilimuuliza, na niliuliza kweli, nilitaka kujua.

"Namwangalia mtu anataka kuona nini, namwonyesha. Baba wa kambo alitufundisha. Ukiingia na uso asioutaka, unalala bila kula. Dada alijifunza kukimbia, mimi nikajifunza uso." Akafunga faili. "Wewe una uso mmoja, shemeji, kwa sababu hujawahi kuhitaji wa pili."

Nikajipapasa mashavu.

"Basi sema jino linakuuma," akasema. "Mwenye jino bovu haulizwi mbona kanuna."

Hivyo ndivyo nilivyopata ugonjwa.

Nyumbani jioni mke wangu alinipa supu ya kunywa kwa kijiko. Akanitazama nikinywa.

"Masikio yako yanawaka, baba watoto."

"Ni jino."

"Jino linafika mpaka masikioni?"

"Linafika."

"Unajua, sijawahi kukusikia ukidanganya. Kwa hiyo hata nikiuona uongo wako, sitautambua."

Nikaimaliza supu ile kama adhabu.

Jumatano nikaingia kazini nimeshika shavu.

Ukumbini kwetu husikii kitu. Mashine tisini na sita zinapiga kwa pamoja, na sisi tumeziba masikio. Tunaongea kwa midomo na mikono. Mgeni humchukua mwaka kuijua lugha hiyo. Mzoefu anaweza kugombana na mtu aliye mashine ya kumi kutoka kwake, wakatukanana, wakapatana, na sauti haijatoka. Wake zetu hulalamika kwamba hata nyumbani tunaongea kama ng'ombe wanaocheua.

Jogoo akanipungia mkono. Mdomo wake ukauliza: Una nini?

Jino, nikamjibu.

Lipi?

La nyuma.

Akanitazama. Ana macho madogo yasiyo na haraka. Tangu lini?

Jana.

Jana saa ngapi?

Nikajifanya uzi umekatika, nikainama chini ya mashine. Nilipoinuka alikuwa bado ananitazama.

Kumbe jino la uongo linauma kuliko la kweli. Fundi wa mitambo aliniletea karafuu za kutafuna. Mtu wa stoo akaniambia kuhusu mjomba wake aliyekufa kwa jino, akanieleza mwanzo hadi mwisho, tena kwa mikono. Wakati wa mapumziko mama mkaguzi, yule anayekagua nguo zikitoka kwenye mashine, alinijia na vidonge viwili na kikombe cha maji.

"Meza, baba. Mwakilishi wetu asitufie."

"Ahsante, mama."

"Ahsante ni yangu kwako. Kile kiwanda cha sabuni kilikuwa kinanitaka, nilikuwa nababaika. Uliposema Jumatatu kwamba hapa hatutikiswi, moyo ukatulia. Leo asubuhi nimewajibu sitaki."

Alikuwa namba thelathini kwenye orodha.

"Umeshawajibu?" nilisema.

"Nimeshawajibu."

"Huwezi kuwarudia ukawaambia…"

"Niwaambie nini?"

Nikafungua mdomo. Nyuma yake shemeji alikuwa anapita na mafaili kwapani, anacheka na mpishi wa kantini kama watu waliozaliwa siku moja. Hakunitazama. Nikaufunga mdomo, nikameza vidonge viwili ambavyo sikuvihitaji.

Alhamisi mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu Alhamisi ya mwisho wa mwezi huja daktari wa meno. Hukaa chumba cha huduma ya kwanza na mkoba wake. Nilikuwa nimesahau. Jogoo hakusahau.

"Twende," alisema, akanishika mkono.

"Limepoa."

"Limepoa na uso umevimba kwa mawazo hivyo? Twende."

Watu walitushangilia njiani. Mtu wa stoo aliniombea dua.

Daktari ni mama mmoja mwembamba asiyependa maneno. Akanimulika mdomoni.

"Lipi?"

Nikanyoosha kidole popote.

"Hili? Hili lina doa tu. Linahitaji kuzibwa, na vifaa vya kuziba sikubeba. Ningekuwa wewe ningesubiri."

Jogoo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Umesikia, ndugu yangu?" alisema, polepole sana. "Daktari anasema si lazima. Unaweza kuinuka kwenye kiti hicho sasa hivi tukarudi kazini. Kama una neno, sema, mimi nipo."

Nilidhani ananionea huruma. Nikafikiri, nikiinuka atajua hakukuwa na jino, na akijua hakukuwa na jino atauliza kulikuwa na nini.

"Ling'oe," nikamwambia daktari.

"Una hakika?"

"Ling'oe, mama."

Jogoo aliangalia mpaka mwisho. Lilipotoka, jeupe, na mizizi yake mitatu mirefu, aligeuka akaondoka bila kuniaga.

Ijumaa saa tisa kasoro mzigo ukatoka getini. Saa tisa kamili mashine zikazimwa zote. Ukimya wa ukumbi ule unatisha; unasikia hata koo la mwenzako likimeza mate.

Meneja akasimama kwenye ngazi za chuma. Pembeni yake shemeji, faili kifuani, na huzuni usoni nzuri kweli. Ungemwona ungetafuta kitambaa umfute machozi.

Meneja akasoma. Hakuna aliyepiga kelele. Walifanya kitu kibaya zaidi. Kila jina liliposomwa, mwenye jina hakumtazama Meneja. Alinitazama mimi. Mama mkaguzi alinitazama na kalamu yake ya kukagulia bado mkononi, kama anayesubiri nipande kwenye kreti niseme Meneja amekosea karatasi.

Majina yalipokwisha, Jogoo akainua mkono.

"Nina swali kwa mwakilishi."

Akanijia mpaka mbele. Sauti yake nyembamba. Miaka ishirini na mbili nimeijua zaidi midomo yake.

"Jino limepona?"

"Limeng'olewa. Si ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na Jumanne pia nilikuwepo."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye kile kioo.

"Mashine yangu inaelekeana na dirisha lile. Ulikaa umenielekea. 'Arobaini na mmoja.' 'Ijumaa hii.' 'Na Jogoo yumo.' 'Sitamwambia Jogoo wala mtu mwingine.' Nimekosea neno?"

Hakuwa amekosea hata moja.

Miaka yote hiyo nasoma midomo ya watu, na sikukumbuka kwamba na wangu unasomeka. Mlango ulifungwa, kelele zikakatika, nikadhani nimefichika. Shemeji ni mtu wa ofisini, lugha yetu haijui, lakini aliyekaa mgongo kwa kioo ni yeye. Sijui kama ilikuwa bahati yake au ndivyo alivyo hata akilala.

"Mbona hukuwaambia wenzako?" nilisema, na ujinga wa swali nikausikia kabla halijaisha.

"Neno langu juu ya neno la Barua Wazi? Wangesema nautaka uwakilishi. Ulishawaambia wewe, wakaamini. Ilibidi uwaambie wewe tena. Nikakungoja. Nikakuuliza jana saa ngapi, ukaingia chini ya mashine. Nikakupeleka mpaka kwenye kiti cha daktari. Nikasema moyoni, mtu hawezi kung'oa jino zima ili anifiche mimi. Nawe ukafungua mdomo!"

Kuna mtu nyuma alicheka. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi.

"Ungetuambia Jumatano," mama mkaguzi alisema taratibu, "mzigo ulikuwa bado umo ndani."

Hapo masikio yangu yakawaka, na watu wote wakayaona.

Meneja akashuka ngazi mbili. "Subiri. Orodha hiyo uliiona wapi?"

Nikashika shavu, pale jino lilipokuwa.

"Bosi," shemeji akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayeumia. "Jumanne nilisahau faili chumba cha mikutano. Nilipolirudia nilikuta limefunguliwa. Nilinyamaza. Sikutaka kumsingizia mume wa dada yangu."

Akanitazama. Na wallahi, uso ulikuwa umetengenezwa vizuri hivi kwamba kwa kitambo kidogo mimi mwenyewe niliamini nililifungua faili lile.

"Uongo," Jogoo akasema. "Mtu hasomi karatasi peke yake halafu akaiahidi karatasi kwamba atanyamaza. Kulikuwa na mtu kwenye kile kiti kirefu. Nani?"

"Swali zuri," Meneja akasema. "Nani?"

Tangu nianze kazi pale, ilikuwa mara ya kwanza Meneja na wafanyakazi kutaka kitu kimoja.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Neno hilo lingenitoa kwenye wizi mbele ya Meneja. Mbele ya wenzangu lingeonyesha angalau kwamba sikujipeleka mwenyewe. Na lingemleta shemeji sebuleni kwangu na watoto watatu, na mke wangu angenitazama kila asubuhi maisha yangu yote.

Kazi yangu kubwa wakati huo ilikuwa macho. Niliyabana yasiende kwenye ngazi. Niliyapeleka kwenye viatu vyangu, nikayashikilia hapo. Nilisikia Jogoo akisogea, akiinama kidogo, akitafuta yanataka kwenda wapi.

"Sina la kusema," nikasema.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," Meneja akasema, "nataka jina hilo kwa maandishi. Usiponipa jina, nitajua ni wewe, na huo ni wizi wa nyaraka. Hutakuwa wa arobaini na mbili. Utakuwa mwizi."

Watu wakatawanyika. Jogoo alichukua kikombe chake kwenye msumari na mabuti yake ya akiba, akavitia kwenye mfuko wa nailoni. Nikamfuata mpaka getini.

"Jogoo, nisikilize tu."

Akasimama. Akaniangalia mdomo, si macho, kama tulivyozoea ndani. Kisha akainua mkono wake na kuufunika uso wake, nisiweze kusoma atakachosema. Alisema kitu nyuma ya mkono ule. Lori lilikuwa linapita barabarani. Akaenda zake.

Nilitembea peke yangu. Njia ambayo huwa tunaitembea watu kumi na tano tukibishana habari za mpira, nilikuwa mmoja upande huu, na wao wote upande wa pili.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, bado na aproni. Nyuma yake, kwenye kiti changu, shemeji, ameinamisha kichwa. Alipanda gari. Alikuwa amefika kitambo.

"Ameniambia yote," mke wangu alisema. "Sasa niambie wewe, kwa mdomo wako, nami nitazame uso. Ulilifungua faili la mdogo wangu, au hukulifungua?"

Shemeji akainua macho. Ule uso wa mtoto aliyepotea, usio na kitu juu yake. Sikuweza kujua kama ni wa kweli.

Mpaka dakika ile ilikuwa imenigharimu hivi. Watu arobaini na mmoja hawakuwa na kazi. Mama mkaguzi alikosa mbili, ya kwetu na ya sabuni. Jino langu moja, zima, lilibaki kwenye ndoo ya daktari. Neno langu, ambalo Jumatatu liliwarudisha watu tisini kwenye mashine, Ijumaa lisingemrudisha hata kuku bandani. Na rafiki mmoja, wa miaka ishirini na mbili, ambaye sijui aliniambia nini.

Mke nilikuwa sijamtia kwenye hesabu.